Uliza Jibu Lina Umri Gani

Mwalimu wenu wa kompyuta ameniomba niwaandikie kuhusu kazi niliyoifanya kabla sijastaafu, na akaongeza, kwa upole wake wote, kwamba itakuwa vizuri nikiandika "kitu cha kuwatia moyo vijana." Nimejaribu, jamani. Nimekaa hapa Nunguni na baridi hii inayopendwa na kabeji peke yake, nikitafuta la kuwatia moyo, na nimelikosa. Kwa hivyo nitawaandikia kuhusu maombi.

Si yale ya Jumatano jioni kanisani. Hayo mnayajua, na najua pia ni wangapi kati yenu mnayakwepa. Ninasema maombi ambayo programu moja huyatuma kwa programu nyingine kwenye mtandao. Unapobonyeza kitu kwenye simu na picha ikatokea, kuna ombi limeenda na jibu limerudi. Ombi lenyewe ni maandishi matupu. Mstari wa kwanza unasema unataka nini na unakitaka wapi. Mistari inayofuata inajitambulisha: mimi ni fulani, ruhusa yangu hii hapa. Jibu nalo hurudi hivyo hivyo: nambari ya kusema mambo yameendaje, mistari michache ya maelezo, halafu mzigo wenyewe. Basi. Watu wamejenga maghorofa Nairobi kwa kazi hiyo. Mimi nilijenga jiko na choo, lakini choo kizuri.

Karibu miaka yangu yote nilituma maombi hayo kutoka ndani ya edita, yaani programu ya kuandikia maandishi tu, isiyo na rangi wala mapambo. Unaandika ombi kwenye faili ya kawaida, unaweka kishale juu yake, unabonyeza vitufe viwili, na jibu linafunguka upande wa pili wa skrini. Lote. Halijapakwa poda. Najua siku hizi mna programu kubwa za kazi hiyo, zenye vitufe vya rangi ya machungwa, ambazo kabla hazijakuruhusu kuuliza swali moja zinataka barua pepe yako, nywila yako, na dakika kadhaa za kujisasisha. Ni maendeleo makubwa. Zamani tulikuwa tunafanya kazi tu.

Aliyenifunza alikuwa Mzee Nzioka, Mungu amrehemu, mzee wa kanisa na mtu mkaidi kuliko punda wa maji. Yeye alifanya kila kitu ndani ya edita. Barua alizoandika, hotuba za mazishi, hata kumbukumbu za kamati ya maji ya kijiji chake. Mkewe aliwahi kuniambia, "Huyu, kama ingewezekana, angenioa ndani ya hiyo kitu." Mzee akiwa pale pale akajibu bila kuinua macho, "Ingekuwa rahisi kukusahihisha."

Wakati huo tulikuwa na kazi ya mfumo wa mnada wa mbuzi. Mfanyabiashara angefungua simu yake aone ni mbuzi gani wameletwa sokoni, wa nani, wana uzito gani. Ilikuwa kazi safi. Tulikuwa na seva mbili: moja ya majaribio, yenye mbuzi wa kubuni ambao Mzee aliwapa majina ya wachungaji aliogombana nao, na moja ya kweli. Sasa, Mzee kwa werevu wake alikuwa ameweka maombi yake yote kwenye faili moja. Ombi la GET, la kusoma orodha ya mbuzi, na mara tu chini yake ombi la DELETE, la kufuta mbuzi wote wa majaribio. Na siku ya soko, mbele ya macho yangu, aliweka kishale mstari mmoja chini ya pale alipotaka, huku juu ya faili kukiwa kumeandikwa anwani ya seva ya kweli.

Seva ikajibu kwa adabu sana. Mia mbili na nne. Maana yake: nimefanya ulivyosema na sina la kuongeza.

Muda si muda simu ikalia. Alikuwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa sokoni.

"Mzee, simu yangu inasema hakuna mbuzi."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna hata mmoja. Na mimi niko katikati yao hapa. Mmoja anakula shati yangu."

Siku hiyo mnada ulifanyika kwa mdomo, kama ulivyofanyika tangu babu zetu, na wafugaji walisema ulikwenda vizuri kuliko siku zote. Nadhani hilo ndilo lililomuuma Mzee zaidi. Tulirudisha mbuzi kutoka kwenye nakala ya akiba, na kuanzia hapo akawa na kanuni zake, ambazo alinikaririsha kama katekisimu. Maombi ya kufuta yakae kwenye faili yao peke yao, mbali, kama sumu ya panya. Jina la seva liandikwe juu ya faili kwa herufi kubwa, na ulisome kwa sauti kabla ya kutuma, hata ukionekana mwendawazimu. Nywila isikae ndani ya faili hata siku moja, kwa sababu faili husafiri. (Kijana mmoja wa ofisi niliyohamia baadaye, mji wa Salama, aliipuuza hiyo ya nywila. Aliituma faili yake mahali ambapo dunia nzima husoma, na dunia ikasoma. Tulijua siku mfumo wetu ulipoanza kutangaza viatu vya kike.) Na la mwisho: soma jibu lote, usisome nambari tu.

"Mia mbili," alikuwa akisema, "ni seva kukwambia imekusikia. Haijasema inakuambia ukweli."

Nilidhani ni maneno ya mzee aliyechoka. Nisikilizeni basi.

Baada ya Mzee kustaafu nilihamia kampuni iliyokuwa na ofisi Salama, kwenye barabara ya Mombasa, juu ya hoteli ya nyama choma. Sijui ni nani aliyeamua kwamba kazi ya kufikiri ifanyike juu ya moshi wa nyama huku malori yakipiga honi chini, lakini naamini alikuwa na shahada. Kazi yetu huko ilikuwa ya maana, hilo silifanyii mzaha. Mnajua nyoka wa kwetu. Mvua ikikaribia, watu wakianza kufyeka na kuandaa mashamba, wanaumwa. Dawa ya sumu ya nyoka ni ghali, inakaa kwenye friji, na haipo kila mahali. Mgonjwa angeweza kupelekwa hospitali moja, akaambiwa imeisha, akapelekwa ya pili, na njiani sumu inaendelea na kazi yake bila kusubiri rufaa. Kwa hivyo tukatengeneza mfumo: kila hospitali na kituo cha afya, Kitui na Makueni, kinaandika kina dawa kiasi gani, na gari la wagonjwa linaona kwenye skrini yake liende wapi.

Mkuu wetu wa ufundi aliitwa Kioko. Kijana mzuri, mwenye akili, mwenye viatu vyeupe katika mji wa vumbi, jambo linalokuonyesha alivyokuwa na matumaini. Aliniita Mama Mutheu, kwa jina la binti yangu, na aliniheshimu sana, jinsi mtu anavyoheshimu redio ya babu yake: anaisifu na haiwashi. Alikuwa ametuwekea skrini kubwa ukutani yenye ramani. Hospitali yenye dawa ilikuwa doa la kijani, isiyo na dawa doa jekundu. Wageni wakija walipigwa picha mbele yake. Mimi nikiwa na edita yangu nyeusi kwenye kona niliambiwa nisogee kidogo, nisiharibu picha.

Tena tulikuwa na mkutano kuhusu edita hiyo. Ajenda ilisema "kuoanisha zana." Maana yake kwa Kiswahili cha kawaida: Mama Mutheu aache mambo yake. Wenzangu wote walikuwa wakitumia ile programu kubwa ya vitufe. Niliwaambia faili yangu inafunguka kabla hawajamaliza kukohoa, kwamba inasomeka hata miaka kumi baadaye, kwamba naweza kumtumia mwenzangu naye akaona kila nilichouliza. Walitikisa vichwa kwa huruma. Tukaafikiana nitaacha taratibu. Taratibu ni neno zuri sana, vijana. Linaweza kumfikisha mtu hadi kustaafu.

Kisha likaja jambo la kasi. Madereva walilalamika skrini zao zinachelewa. Tukaweka katikati kitu cha kuhifadhi majibu: badala ya kila swali kwenda hadi seva, hicho cha katikati kinakumbuka jibu la mwisho na kukupa hilo hilo haraka. Kila mfumo mkubwa hufanya hivyo. Skrini zikawa zinafunguka papo hapo. Madereva wakafurahi, mkurugenzi akafurahi zaidi, keki ikanunuliwa na tukaila. Ilikuwa imeandikwa HONGERA KWA KASI kwa sukari ya bluu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kasi hiyo ilikuwa inakimbia kutoka wapi.

Siku chache baada ya keki, mchana, simu ya dharura ikalia na mimi nikawa karibu nayo, nikaipokea kwa spika. Aliyepiga alikuwa Sister Ndinda, muuguzi wa gari la wagonjwa upande wa Migwani. Ndinda ni mtu ambaye hata akikusalimu unahisi kama unapimwa presha. Siku hiyo hakusalimu.

"Mama Mutheu, niko na mama hapa ameumwa na nyoka. Kifutu. Mguu umefura mpaka goti na anatoka damu kwa fizi. Skrini inaniambia niende hospitali ya upande wa Mwingi, wako na dawa. Napiga simu yao ya stoo, haishikwi. Niangalizie ni kweli iko."

Nyuma yake nilisikia injini, na sauti ya mwanamke akiomba kwa Kikamba, polepole, kama mtu anayehesabu pumzi. Huyo alikuwa Kalondu. Nilimjua jina baadaye. Alikuwa muuza ndengu wa soko la Migwani, aliyekuwa akifyeka shamba lake asubuhi hiyo.

Majina ya hizo hospitali sitayataja, hazikuwa na kosa. Elewa tu hivi: Migwani iko katikati. Kuna hospitali moja ukielekea kaskazini upande wa Mwingi, nyingine ukielekea kusini upande wa Kitui mjini. Ukienda moja unaipa nyingine kisogo. Hakuna ya kupitia njiani.

Niliinua macho kwenye skrini ya ukutani. Ya kaskazini ilikuwa kijani, inang'aa kama majani baada ya mvua. Ya kusini nyekundu.

"Iko kijani," Kioko akasema, naye akiwa amesimama. "Waende."

Jirani yangu alikuwa tayari ameanza kufungua ile programu ya vitufe ili ahakikishe. Ikamwambia imepata toleo jipya na itakuwa tayari hivi karibuni. Tulibaki tukitazama kiduara kinazunguka. Nikafungua faili yangu, nikaweka kishale kwenye ombi la kuuliza dawa kwa hospitali ya kaskazini, nikatuma.

Mia mbili. Dawa ipo, vichupa kadhaa.

Nusura niseme, "Sister, endeni." Neno lilikuwa mdomoni. Lakini edita inakuonyesha jibu lote upende usipende, na katikati ya ile mistari ya maelezo ambayo hakuna binadamu huisoma kulikuwa na mmoja umeandikwa Age. Umri. Ni mstari unaosema jibu hili limekaa kwa sekunde ngapi tangu litoke kwa seva. Nilitarajia nione sekunde chache, labda mia. Nambari ilikuwa ndefu. Niligawanya kwa kidole mezani.

"Kioko," nikasema, "hili jibu ni la juzi."

"Haiwezekani. Tulisema likae saa moja."

"Basi saa moja ya huko ni ndefu."

Nikaongeza mstari wa kukiomba kile kitu cha katikati kisinipe jibu la zamani. Kikanipa lile lile la zamani, kwa haraka ya ajabu. Kasi tuliyoipigia makofi. Ikabidi nikizunguke: nilikuwa na anwani ya seva yenyewe kwenye faili, nikaibadilisha juu, nikatuma tena ombi lile lile.

Mia mbili. Hospitali ya kaskazini: sifuri.

Nikauliza ya kusini. Mia mbili. Ipo.

Sasa niwaambie hali yangu, kwa sababu kwenye sinema mtu akifika hapo huwa anatabasamu. Mimi nilirudi nikaisoma ile sifuri tena. Nilikuwa na majibu mawili mbele yangu, upande huu na upande huu, yote mia mbili, yote yameandikwa vizuri, na moja lilikuwa linaua mtu. Ukutani ramani bado ilikuwa inang'aa. Kwenye simu Ndinda aliuliza, "Mama Mutheu? Tumeshatoka Migwani. Dereva Mwendwa anaelekea kaskazini. Niambie."

Hapo ndipo Kioko aliponiuliza swali ambalo Mzee Nzioka angemkumbatia kwa ajili yake. Hakubishana tena kuhusu kijani. Aliinama nyuma ya kiti changu akasema, kwa sauti ya chini, "Mama, una uhakika hiyo anwani mpya ni ya seva ya kweli? Si ya majaribio?"

Kwa sababu seva ya majaribio nayo ilikuwa na hospitali hizo hizo, na dawa za kubuni.

Nikasoma jina kwa sauti, neno kwa neno, kama mwendawazimu. Ilikuwa ya kweli. Nikamwonyesha mstari wa lini hospitali ya kaskazini iliandika mara ya mwisho: asubuhi ile ile. Walikuwa wametumia vyote na wakaandika kama walivyofundishwa. Walifanya kazi yao vizuri kabisa. Sisi ndio tulikuwa hatusikii.

"Bado ni maandishi tu," Kioko akasema. "Nampigia mfamasia wa kusini aione kwa macho."

Akapiga. Nikamsikia akisema, "Hapana, usiangalie kompyuta. Nimesema usiangalie kompyuta! Nenda kwa friji, tafadhali, nenda kwa friji na uniambie unashika nini." Mkuu wa ufundi, vijana, na ramani yake nyuma yake, akimsihi mtu asiangalie kompyuta. Nilimpenda mtoto huyo kuanzia siku hiyo.

Honi. Malori. Mtu chini akiita oda ya mbavu. Kisha Kioko akanigeukia na kuinua kidole gumba.

"Sister," nikasema, "geuzeni. Endeni kusini. Dawa iko mkononi mwa mfamasia, ameitoa kwa friji."

Nilimsikia dereva, Mwendwa, kabla ya Ndinda kujibu. "Nigeuze? Kwani mnatucheza? Skrini yenu hapa inasema mbele!"

"Skrini inakudanganya, Mwendwa."

"Sasa mimi niamini nani, wewe ama kitu mlitupa nyinyi?"

Lilikuwa swali zuri na sikuwa na muda nalo. Ndinda akalijibu kwa niaba yangu. Alisema neno moja tu, jina la dereva, kwa ile sauti yake ya presha. Nikasikia breki, changarawe, na gari likigeuka.

Halafu hakukuwa na la kufanya. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna atakayewafundisha. Unabonyeza vitufe, halafu unakaa juu ya hoteli ya nyama huku mtu usiyemjua anabebwa kwenye barabara usiyoiona. Kioko alikaa sakafuni na suruali yake safi. Mtu akaleta chai na hakuna aliyeinywa. Nilimwona Kioko midomo inacheza, nami nikajua anaomba, yale maombi ya Jumatano.

Ndinda alipiga jioni jua likielekea kushuka. "Amepata dawa," akasema. "Damu imeacha kutoka. Mguu sijui. Ataishi." Kisha akaongeza, "Na hiyo skrini yenu niliifunika na shuka." Akakata.

Tulipochimba tukapata kosa lilivyokuwa. Kile kitu cha katikati kilitaka muda uandikwe kwa dakika. Sisi tuliandika kwa sekunde. Sekunde elfu tatu na mia sita ni saa moja. Dakika elfu tatu na mia sita ni siku mbili na nusu. Watu wenye shahada watatu waliipitia wakaipitisha, na ikafanyiwa majaribio, kwa kuwa ilikuwa na kasi, na kasi ndiyo tuliyopima. Hatukuwahi kupima kama inasema kweli. Sidhani kwenye keki kungekuwa na nafasi ya maneno hayo.

Mkurugenzi wetu, mtu mwenye sauti nzuri ya mazishi, alitaka tuwaambie watu wa kaunti kwamba kulikuwa na tatizo la mtandao. Mtandao, vijana, ni kama shetani: unasingiziwa kila kitu na haujawahi kufika kikaoni kujitetea. Aliniuliza mimi kwanza, labda kwa sababu nilikuwa karibu na kustaafu na watu wa aina hiyo hufikiriwa wanapenda amani. Kabla sijajibu Kioko akasimama.

"Mtandao haukuwa na shida," akasema. "Mtandao ulileta jibu la zamani haraka sana. Mimi niliidhinisha. Nitawaonyesha majibu yote mawili kama yalivyo."

"Kioko, fikiria nafasi yako," mkurugenzi akamwambia.

"Nimefikiria. Nilimsikia huyo mama akiomba kwa simu."

Akawaonyesha watu wa kaunti, moja kwa moja kutoka kwenye faili yangu, maandishi meupe juu ya weusi, mbele ya ile ramani nzuri. Walitusema. Walitusema sana, na kwa muda mrefu, na mmoja alitusema hata kwa Kikamba ili yaingie vizuri. Lakini hawakutufukuza. Waliagiza kila skrini iandike kando ya doa la rangi jibu lilitoka lini. Na Kioko akaandika majaribio mapya, ndani ya edita, faili ya kawaida kabisa, ambayo kila asubuhi iliuliza seva swali lile lile kwa njia mbili na kulinganisha majibu. Viatu vyeupe aliendelea kuvaa. Kuna mambo mtu hujifunza na mengine anazaliwa nayo.

Nilistaafu miezi michache baadaye. Waliniandalia sherehe yenye hotuba ambamo nilisikia sifa za mtu ambaye ningependa sana kukutana naye. Halafu siku moja nilikuwa na safari ya mazishi upande wa Mwingi, na wakati wa kurudi nikashuka Migwani. Ilikuwa siku ya soko. Nikauliza watu wa ndengu wako wapi, nikauliza kama kuna anayeitwa Kalondu, na mama mmoja akanielekeza kwa mdomo.

Alikuwa mkubwa kuliko sauti yake. Amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja mbele, umefungwa kitambaa, na fimbo kando. Kwenye huo mguu vidole viwili havikuwepo.

Nikamsalimu, nikajieleza. Nilisema mimi ni mmoja wa wale wa kompyuta, siku ile ya nyoka. Alinitazama, akipepeta ndengu bila kuziangalia.

"Ni wewe ulimwambia dereva ageuke?"

"Ni mimi na wenzangu."

"Ni muvea," akasema. Asante. Akaacha kupepeta. "Na mbona hamkumwambia kabla hatujatoka Migwani?"

Aliuliza bila hasira, jinsi mtu anavyouliza bei. Nilikuwa na maelezo, vijana. Nilikuwa na dakika na sekunde, kitu cha katikati, majibu mawili ya mia mbili. Nilikuwa nimeyaeleza kwenye vikao na yakaeleweka. Nikaangalia ule mguu.

"Hatukuwa tumeuliza," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. Kisha akanyoosha kidole kwenye gunia lililokuwa nyuma yake, lililojaa, ambalo lilikuwa limeachwa juani.

"Nishikie upande huo," akasema. "Mimi siku hizi siwezi kuinua peke yangu."

Nikashika. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani.